NANI APIME MAJUMBA YETU?

Leo tunasema juu ya zile ndege ndogo zisizo na rubani, droni, zinazopima majumba kwa mwanga. Wapo mabwana wanaozunguka maofisini na picha zake za rangi rangi, wakisema kazi hii ni ya wataalamu kutoka nje, na mwananchi wa Upanga au Kariakoo atulie tu apimwe. Sisi tunakataa.

Jambo lenyewe si uganga. Chombo cha leza hufungwa chini ya droni na kutupa mamia ya maelfu ya miale kila sekunde. Mwale ukigonga ukuta hurudi, na muda wa kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Vipimo hivyo vikikusanywa, sura ya jengo zima inapatikana kwa tofauti ya sentimita chache. Pima leo, upime tena baada ya masika: ukuta ulioanza kuinama, paa lililobonyea, ghorofa iliyoongezwa kimya kimya bila kibali, vyote vinajulikana. Kwingine wanapima hivyo migodi, madaraja na matangi ya viwanda, bila kumpandisha mfanyakazi mahali pa kuvunjika shingo.

Je, hatuna haja nacho? Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, jengo likaporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Zaidi ya 25 wakafa, na wengine walikaa siku chini ya kifusi wakiomba maji. Tume ikaundwa. Mwaka 2006 pia tume iliundwa, baada ya ghorofa kuanguka Chang'ombe. Tume zinajua kuja baada ya mazishi.

Na wapimaji tunawajua. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyougawa mji huu: Wazungu pwani, Wahindi katikati, Mwafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja paachwe wazi ili watu wasikaribiane. Mwaka 1946 wakaja wataalamu wa karanga. Kwa wiki tisa wakaitazama nchi, sehemu kubwa kutoka ndani ya ndege, wakaandika kwamba Kongwa ni mahali pazuri. Ardhi ikawa ngumu kama saruji na maji hakuna, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yamepotea. Mgogo wa Kongwa angewaambia bure, kama wangemwuliza.

Wanaosema vijana wetu hawawezi waende Unguja. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni na kupiga picha Unguja na Pemba. Hapa Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa Ardhi na wenyeji wa mitaa walichora ramani ya kata zinazofurika maji katika kazi ya Ramani Huria. Fedha za Benki ya Dunia zilikuwamo, ndiyo. Miguu iliyokanyaga tope ilikuwa yetu. Hizo zilikuwa droni za kamera. Kutoka kamera hadi leza ni somo la darasani.

Lakini tusidanganyane. Leza haioni ndani ya nguzo. Haijui kama nondo ni nyembamba au mchanga ulizidi saruji, wala haishuki kwenye vyumba vya chini vinavyochimbwa ili kuongeza stoo. Mwenye nyumba asije akatuonyesha picha nzuri ya droni akasema amekaguliwa. Mhandisi ashuke chini na tochi yake.

Tunachodai ni hiki. Vyombo viwe mikononi mwa Chuo Kikuu Ardhi na Halmashauri ya Jiji, vipimo vihifadhiwe nchini, na matokeo ya kila jengo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa: kibali kiliruhusu ghorofa ngapi, na zimepimwa ngapi. Mpangaji, mchukuzi na mama ntilie wasome wenyewe. Matajiri watalia kwamba ni siri ya biashara. Siri gani, na ghorofa yenyewe inaonekana toka Jangwani!

Waanze Upanga, ambako nyumba za zamani za ghorofa mbili tatu zimebanwa na minara mipya, kisha wavuke Mnazi Mmoja waingie Kariakoo kabla masika hayajafika.