Siku 30 za majani na mtori wa mama mkwe

Natumaini sikukuu zimepita salama na zipu za suruali bado zinapanda. Kwetu zipu ziligoma mapema, na hapo ndipo kisa cha mwezi huu kinapoanzia.

Mwishoni mwa Novemba mume wangu alipima presha kazini, akarudi nyumbani kanywea. Daktari kamwambia apunguze uzito, chumvi na nyama nyekundu. Mimi, si unajua tena wahariri tunavyosoma kila kitu, nikaja na wazo: kwa nini tupunguze wakati tunaweza kuacha kabisa? Siku 30 tule mimea tupu. Hakuna nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Wenzetu wanawaita walaji wa namna hii "vegan", jina lililobuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Tukaanza tarehe 1 Desemba.

Ndiyo, Desemba. Na mume wangu ni mtu wa Kibosho. Ruksa kucheka.

Wiki mbili za kwanza hapa Dar hazikuwa mbaya. Asubuhi chai ya rangi na mihogo, usiku tunapika makande pamoja huku tunataniana, yaani hata mapenzi yalinoga. Kazi ilikuwa mchana kwa mama lishe. Nikawa nahoji sahani kama trafiki. Maharage yameungwa na nini? Nazi, dada. Safi. Na mchicha? Karanga, na dagaa kidogo tu, wala hawaonekani! Andazi lina maziwa, keki ya ofisini ina mayai, na anayekuhurumia anakutolea nyama halafu anakuachia mchuzi wake.

Tarehe 22 tukapanda basi. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, hilo halina mjadala. Kutoka Moshi mjini tukapandisha Kibosho, kwenye ubaridi na migomba iliyochanganyika na kahawa. Mama mkwe alitupokea mlangoni. Jikoni kulikuwa na sufuria la mtori.

Kwa asiyejua, mtori ni ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama, na kwa Wachaga ndicho chakula cha mzazi. Nilipojifungua, mama huyu alishuka Dar na mikungu ya ndizi kwenye buti la basi, akanipikia mtori asubuhi na jioni. Usiku alinishikia mtoto ili nilale. Sasa leo nasimama mbele yake na kusema, "Mama, siku hizi sili nyama."

Akanitazama tumboni. "Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Umekuwa Msabato?"

"Hapana, mama."

Akafunika sufuria taratibu. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nikageuka kumtafuta mume wangu anisaidie. Akakohoa, akasema anakwenda kusalimia wazee. Nusu saa baadaye nilipomfuata nyuma ya banda la ng'ombe, nilimkuta na kaka zake wamezunguka mbuzi aliyechinjwa. Mkono mmoja ameshika ubavu, mwingine bakuli la kisusio, ile supu ya damu. Mafuta yanang'aa kidevuni.

"Kipande kimoja tu," akasema.

Usiku akakiri kwamba vipande vilianza wiki ya pili, kule kazini. Shosti, nilijisikia kama nimefumania! Wakati mimi nahoji dagaa, mwenzangu anakula mishikaki na kujipangusa mdomo kabla ya kurudi nyumbani. Nyama ningemsamehe palepale. Kujificha ndiko kulikoniuma.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ulikuwa umefurahi sana. Niliogopa kukuangusha."

Hapo nikakosa la kusema, maana nilikumbuka vizuri tulivyoanza. Daktari alisema apunguze. Mimi ndiye niliyesema tuache. Presha ni yake, mwili ni wake, lakini mpango ulikuwa wangu, yeye alitikisa kichwa tu. Na hakuna kati yetu aliyempigia mama simu.

Asubuhi nikaenda kumenya ndizi na mama mkwe. Nikamweleza ukweli, kwamba mwanawe ana presha. Hakuwa na habari! Akaweka kisu chini. "Mngeniambia."

Tulipoendelea kumenya, akaanza kunisimulia. Alipoolewa, nyama ilikuwa ya Krismasi, Pasaka, harusi na mgeni. Siku nyingine zote ni kiburu, makande na mboga ya mnafu. "Hayo majani mnayoyasifia mjini ndiyo yaliyotulea," akasema. Kuhusu maziwa alinicheka kabisa. "Ng'ombe unamkimbia? Na hizo ndizi unafikiri zinakula nini kama si samadi yake?"

Siku hiyo alinipikia kiburu, ndizi na maharage, nikala mpaka nikaomba tena. Wazee wakashushia mbege, ambayo nayo ni ndizi mbivu na ulezi. Kumbe kihamba chote kilikuwa upande wangu, mimi nilikuwa natafuta maziwa ya soya ya supamaketi.

Krismasi ikaja mitihani ya mwisho. Kibosho nyama haigawiwi ovyo, kila mtu ana fungu lake, na fungu ndilo linalosema wewe ni nani pale. Sahani yangu ilipofika, mama mkwe akaninong'oneza: "Pokea. Ukikataa umekataa watu. Ukishapokea ni yako, mpe umtakaye." Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikawakatia watoto waliokaa karibu. Hakuna aliyeuliza swali.

Sikumaliza siku 30. Siku ya 28, tukiwa tunafunga mizigo, niliomba bakuli dogo la mtori. Mama hakusema kitu, alichota tu. Sijuti.

Sasa nyama kwetu ni Jumapili, mezani, mbele ya wote. Mwezi huu tunakwenda kupima presha tena, na safari hii tunakwenda wawili.

Kama mnataka kujaribu

• Amueni wawili. Kama mwenzako anatikisa kichwa tu, muulize tena.

• Pigeni simu ukweni kabla ya safari, na mseme sababu.

• Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida. Ukiacha kabisa vyakula vya wanyama unahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha aongee na daktari kwanza.

• Maharage na mboga za majani zina madini ya chuma. Kamulia limau mwili uyapate vizuri, na chai isubiri kama saa moja baada ya kula.

• Mwenye presha asiache dawa kwa sababu ameanza kula majani.

Haya, mpenzi msomaji, na wewe sikukuu zilikuachia kisa gani ukweni? Tukutane mwezi ujao.