Ndagala za Mgeni

Hapa Bujumbura samaki mukeke, ambaye jirani zetu wa Kigoma humwita mgebuka, kwa wenye mshahara mdogo amekuwa kitoweo cha sikukuu. Nyumbani kwangu twaridhika na ndagala. Jumamosi jioni hushuka na watoto ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kutazama milima ya Kongo, na turudipo hupitia Buyenzi kununua fungu moja. Mama watoto huzichambua, akazikaanga kwa mawese, vitunguu na pilipili, tukala kwa ugali wa muhogo na lengalenga.

Majuzi alitujia mwenzangu wa kazi aliyehamishiwa Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu mwaka 2019. Kwa kuona haya, nilitaka kuchukua fedha za madaftari ya shule ninunue mukeke. Mke wangu akakataa: "Baba watoto, mgeni halishwi daftari la mtoto." Nikanyamaza.

Mgeni alikula hata akafuta sahani kwa tonge la mwisho, kisha akasema: "Shemeji, kule mlimani ziwa hatulioni. Nifungie na za safari."

Jumatatu watoto walikwenda shuleni na madaftari yao. Nami tangu siku hiyo siionei haya tena sahani yangu.