Turudishieni Jioni za Klabuni

Viongozi wetu wa kikundi cha taarab, tumechoka kuitikia kwa dole gumba la kwenye simu. Tangu mazoezi yahamishiwe huko, mshairi anatuma beti, mtunzi wa muziki anatuma sauti yake na udi, na kila mpigaji anajifungia chumbani na sehemu yake. Tunakutana siku ya onyesho: fidla zimekwenda huku, akodiani kule, mwimbaji anatafuta pa kuingilia.

Tunaambiwa huku ni kwenda na wakati. Lakini taarab hii ya Unguja, iliyolelewa na vikundi kama Ikhwani Safaa tangu 1905, hupigwa na watu wanaosikilizana. Mpiga kanuni akiongeza pambo, fidla humjibu papo hapo; mpiga dumbaki huisikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Tulipojaribu mkutano wa video, kila mmoja alimsikia mwenzake kachelewa, na sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 30 hivi wapigaji huanza kuvutana mwendo. Isitoshe, programu zile zimetengenezewa mazungumzo. Mvuto mrefu wa fidla huudhania mvumo wa feni, zikaukata.

Si ukaidi wa wakongwe. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Melanie Brucks na Jonathan Levav: wawili waliokaa chumba kimoja walibuni mawazo mengi kuliko waliokutana kwa video, maana jicho likifungwa kwenye kioo, fikra nazo hazitembei mbali. Katika kuchagua wazo bora, wa video hawakuachwa nyuma. Nasi hatukatai hilo. Beti zitumwe kwa simu, tarehe zipangwe huko, hata kura ya wimbo upi utangulie ipigwe huko.

Linalotuuma zaidi ni vijana. Zamani mwanafunzi alikaa nyuma ya fundi wa fidla, akautazama mkono wa upinde mpaka ukamwingia. Leo anasikiliza sauti iliyorekodiwa, hana wa kumwambia kiwiko kiko juu. Na mzee wetu wa nai mwenye kitochi hapati hata hiyo.

Ufunguo wa klabu anao katibu. Tunaomba jioni mbili kwa wiki, baada ya Isha, kuanzia wiki ijayo. Chai tutachangishana wenyewe.