Malungu ya Ufipa yasiachwe yayeyuke

Mgeni wa Sumbawanga huelekezwa kwanza kwenye maporomoko ya Kalambo, na ni haki: maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Lakini maporomoko ni kazi ya maumbile. Kazi ya Wafipa, wenyeji wa eneo hili, ni malungu, tanuru ndefu za udongo zilizoyeyusha mawe ya chuma. Zilimpita mtu kimo, zikavuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilihitajika baadaye tu, kwenye tanuru ndogo ya kusafishia chuma. Huo ni uhandisi kamili, lakini wa udongo. Ulinganishe na ule wa jiwe: Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Jiwe hustahimili hata likisahauliwa. Udongo hupungua kila masika.

Nikisema wageni waelekezwe kwenye malungu pia, watasema Sumbawanga ni mbali na haina hoteli za kitalii. Umbali umepungua tangu lami ituunganishe na Tunduma, na anayefuata historia hulala vizuri katika nyumba za wageni zilizopo. Wengine wanahofia wageni watabomoa malungu. Hofu hiyo naiheshimu, ila mvua na jembe vinabomoa tayari, na hakuna anayehesabu. Halmashauri zianze na paa la nyasi juu ya kila tanuru iliyosalia, mwongozaji mzaliwa wa kijiji hicho hicho, na kiingilio kinachobaki kijijini. Wazee wanaojua majina ya sehemu za tanuru warekodiwe mwaka huu, kabla ya barabara nyingine yoyote kujengwa.