Plasta Haitoshi, Tununue Vikaza

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi ninalo kovu lisiloonekana, nalo liko kwenye kifundo cha mguu wangu wa kulia. Muhula wa kwanza niliteguka nikiruka kupiga mpira wa wavu. Baada ya wiki mbili uvimbe uliisha, nikafungwa plasta nyeupe, nikaambiwa, "Ingia, uko sawa!" Seti ya pili mguu ukalia tena, ka! Mechi iliyobaki niliitazama nikiwa nimekalia ndoo.

Wanamichezo wenzangu, wengi wenu mnaijua hadithi hii. Uwanja wetu hapa Isebania una mashimo ya kwato za ng'ombe, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Mguu ukiteguka, kano zinazoshikanisha mifupa huvutika au huchanika. Maumivu huisha mapema, lakini kano huchukua wiki nyingi, hata miezi, kupata nguvu. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena upesi.

Je, tumfunge plasta au tumvishe kikaza, ile soksi ngumu isiyo na vidole, yenye mikanda na vibao vya plastiki pembeni?

Plasta siidharau. Ikifungwa na aliyefunzwa, husaidia. Ila ina ila mbili. Kwanza, hulegea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1962 ulionyesha kuwa dakika 10 za mazoezi makali huipunguzia plasta karibu asilimia 40 ya nguvu zake. Nayo kandanda ni dakika 90! Pili, ikishabanduliwa hutupwa. Mechi ijayo tununue nyingine.

Kikaza hufuliwa, huvaliwa msimu mzima, na mchezaji hukikaza mwenyewe kikilegea. Mwaka 1994 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha habari za wanakandanda 504. Kati ya waliowahi kuteguka, wenye vikaza waliteguka mara moja pale ambapo wasiovaa waliteguka mara tano. Ambao hawakuwahi kuumia hawakupata faida hiyo.

Kuna watakaosema, "Aisee, kikaza ni ghali!" Kweli, siku ya kununua. Lakini hatuhitaji vya timu nzima, bali vya sisi wenye kovu tu. Tuongeze na zoezi la bure: kusimama kwa mguu mmoja kila jioni. Huko Uholanzi, utafiti wa mwaka 2004 uliona kuwa mazoezi ya kujisawazisha kwenye ubao unaoyumba yaliwapunguzia wachezaji wa mpira wa wavu waliowahi kuumia hatari ya kuteguka tena.

Mwalimu wetu wa michezo, tafadhali zipigie hesabu pesa za plasta za muhula mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu uko kifundoni. Majirani zetu wa Sirare wakivuka mpaka kuja kucheza nasi, nataka wanikute uwanjani, si juu ya ndoo.