Tusimlaumu Ng'ombe, Tuhamishe Kigingi

Malisho yakidhoofika, lawama zote hubebeshwa ng'ombe, ilhali kosa si lake peke yake. Nyasi huchipua kutoka chini, karibu na udongo, ndiyo maana zikiliwa juu hurefuka tena. Mnyama anapoondoa mabua marefu yanayoziba mwanga, nyasi hutoa machipukizi mengi ya pembeni, zikawa fupi, zilizosongamana, zenye majani mengi kuliko mabua. Kinachoamua malisho yanawiri au yafe ni muda wa kupumzika baada ya kuliwa.

Ushahidi tunao humu humu nchini na kwa jirani zetu. Mwaka 1976 mwanaikolojia Samuel McNaughton alionyesha kwamba nyanda za Serengeti zilizopitiwa na nyumbu zilichipua upya, na swala tomi wakaja kulisha papo hapo baadaye. Nyumbu walikula, kisha wakaondoka. Huko Laikipia, Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti cha Mpala wamezungushia viwanja uzio tangu 1995 ili kulinganisha panapoliwa na pasipoliwa. Matokeo ya 2011 yalionyesha kwamba wakati wa kiangazi wanyamapori waliwapunguzia ng'ombe chakula, lakini wakati wa mvua ng'ombe waliolisha pamoja nao waliongezeka uzito zaidi, kwa kuwa mabua makavu yalikuwa yamepunguzwa. Mlo ule ule hudhuru au hufaa kwa kufuata majira.

Yupo atakayesema kisiwa chetu cha Pemba si Serengeti. Ni kweli, ardhi yetu ni finyu, na mfugaji wa hapa Jadida hana mbuga ya kuhamia. Lakini ng'ombe wa kufungwa kwa kamba na kigingi humpa mwenyewe uwezo mkubwa: ndiye anayeamua leo paliwe wapi na wapi pasiguswe kwa wiki kadhaa. Kigingi kisipohama, nyasi huliwa kabla mizizi haijapata nguvu, udongo hukanyagika ukawa mgumu, na magugu asiyoyataka ng'ombe yakatawala. Mwengine atasema dawa ni kufugia bandani na kukata majani. Hilo lafaa, hasa kwa ng'ombe wa maziwa, ila majani ya kukatwa nayo yanataka kupumzishwa, na samadi irudi shambani. Kwa hiyo masheha, maofisa mifugo na wafugaji wakae pamoja wapange zamu za malisho, na kila mwenye ng'ombe ahamishe kigingi kabla udongo haujaonekana.