Jicho zima nalo lipigwe picha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Naomba jambo moja: mgonjwa akifika kliniki na vena ya retina iliyoziba kwenye jicho moja, apigwe picha macho yote mawili, na mwongozo wa Wizara utamke hivyo.

Dada yangu hakupata bahati hiyo. Alitiwa matone ya kupanua mboni, akaegemeza kidevu kwenye mashine, na picha ya jicho la kushoto ikaonyesha damu imetapakaa nusu nzima ya retina. Alipoulizia la kulia aliambiwa, "Hilo halina shida, mama, na kila jicho linalipiwa peke yake." Hela ilikuwa ya jicho moja.

Mheshimiwa, vena hiyo haizibi ghafla tu. Mahali ateri na vena zinapopishana ndani ya retina, zimefungwa pamoja kwenye ala moja. Presha ya miaka mingi huifanya ateri kuwa ngumu, ikaibana vena, damu ikapita kwa shida hadi ikaganda. Presha hiyohiyo inafika jicho la pili. Mashine za OCT za siku hizi, zinazopiga picha retina kwa mwanga, huonyesha mtiririko wa damu bila sindano ya rangi, na tafiti kadhaa zimekuta kwamba kwenye jicho linaloitwa zima vimishipa vimepungua kuliko kwa watu wasio na ugonjwa huu, ilhali mgonjwa bado anasoma herufi zote za ubaoni. Si kwamba jicho hilo lazima litaziba, wengi haliwazibi. Lakini linatuonyesha hali ya mishipa yake mapema, na hapo ndipo dawa ya presha au ya kisukari ina kazi ya kufanya.

Sidai kila wilaya inunuliwe OCT. Kamera ya kawaida ya retina inatosha kuanzia, pamoja na kipimo cha presha ya mwili, sukari na presha ya macho siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kitita chake cha mafao, picha ya macho mawili ihesabiwe kipimo kimoja, na mgonjwa aondoke na barua ya rufaa kwenda kliniki ya presha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa, Morogoro